Mbwa wa Mama Bori

Kilichomshtua Sun-im kwanza kilikuwa sweta. Si sweta la mtu, ni sweta la mbwa: la rangi ya machungwa, limefumwa kwa mkono, lina vifungo vya mti chini ya tumbo. Gamja aliingia nalo nyumbani jioni ile akijitingisha kama bwana harusi, na nyuma yake akaingia Da-on, mashavu mekundu kwa baridi, anaimba.

Anaimba! Msichana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu na sasa anausomea upya mwaka mzima. Msichana ambaye tangu matokeo yatoke alikuwa akila kichwa amekiinamisha juu ya bakuli kama anatafuta pete iliyozama kwenye supu. Leo anavua viatu mlangoni huku anaimba. Mama mwingine angefurahi. Sun-im machale yalimcheza.

"Nani kampa mbwa sweta?"

"Mama Bori."

"Mama Bori ndiye nani?"

"Mama yake Bori."

"Na huyo Bori?"

"Mbwa, mama. Yule mdogo wa kahawia, wa manyoya ya kujisokota. Wa kule kiwanjani."

"Nakuuliza jina la mwanamke, unanipa jina la mbwa."

Da-on alifikiri, kisha akacheka. "Hata silijui. Hakuna anayelijua. Kule hatuulizani."

Na kweli hawaulizani. Kiwanja chenyewe kiko kwenye bustani ya kando ya mto, hapo hapo mjini Daejeon, kimezungushiwa uzio wa waya na kina milango miwili ya kufuatana. Unaingia wa kwanza, unaufunga, unamfungua mbwa kamba, ndipo unafungua wa pili, na mbwa anatoka mbio kama aliyeachiwa kutoka jela. Upande mmoja wadogo, upande wa pili wakubwa. Mahali pengine popote watu wa kwetu wakikutana, hawajamaliza kusalimiana wameshaulizana umri, ili ijulikane nani wa kumwita mwenzake dada. Kiwanjani wanauliza umri wa mbwa. Wanauliza jina la mbwa, ambalo mara nyingi ni la chakula: Gamja ni kiazi, Bori ni shayiri, Mandu ni andazi la nyama. Ukishalitaja umeshabatizwa. Mwenye Gamja ni Mama Gamja, hata kama ana miaka kumi na tisa na hajaolewa. Mtu atajua mbwa wako kang'olewa jino gani na akila nini anaharisha, lakini mkikutana benki bila mbwa anapita kama hajakuona maishani.

Wazazi wanaliona jambo hili kuwa la kuchekesha. Si la kuchekesha. Mtu asiyeulizwa jina anaweza kuwa yeyote anayetaka kuwa.

Sun-im angeweza kusema hivyo hivyo jioni ile, lakini neno lake ndani ya nyumba lilikuwa limeshachuja. Alikuwa amemshuku fundi wa chujio la maji kwamba anapima nyumba ili waje kuiba. Alimshuku jirani wa juu kwamba anasikiliza kwenye bomba. Mwaka uliopita alikwenda kwenye shule ya masomo ya ziada, akamkamata mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima, akamuuliza anamwandikia binti yake ujumbe wa nini. Mwalimu alifungua simu, akausoma kwa sauti. Ulikuwa ukumbusho wa zoezi la ukurasa fulani, na wanafunzi wote walikuwa wametumiwa. Da-on hakurudi tena shule ile kwa aibu, akahamia nyingine. Baba yake, ambaye anafanya kazi kwenye karakana ya meli huko Geoje na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, alimwambia Sun-im kwenye simu, "Mke wangu, utamfanya mtoto aogope hata kivuli chake." Tangu siku hiyo kila Sun-im alipofungua mdomo, Da-on alisema maneno mawili tu: "Umeanza tena."

Kwa hiyo jioni ile ya sweta alijikaza. Akapakua wali, akauliza kama mtu asiyejali, "Mnaongea nini na huyo Mama Bori?"

"Kila kitu. Ana moyo mzuri, mama. Yule Bori alimpokea mwenyewe siku anazaliwa, akamnywesha maziwa tone kwa tone. Na anajua kusoma nafsi ya mtu. Alinichoresha mti."

Kijiko cha Sun-im kilisimama hewani. "Mti wa nini?"

"Mti tu. Unachora mti, yeye anakwambia ulivyo ndani. Wangu haukuwa na mizizi. Akasema mimi ni mtu mwema niliyepandwa mahali pasipo udongo." Da-on aliyasema maneno hayo taratibu, kama mtu anayeyaonja. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu kama hicho."

"Na wewe umepandwa wapi pasipo udongo? Hapa kwangu?"

"Umeanza tena."

Sun-im akameza wali na maneno pamoja. Lakini usiku wake ulikuwa umeshaharibika. Alikuwa anauza kimchi na mboga nyingine za kuchachua sokoni miaka mingi, na ilikuwa kazi ya kusikia habari za watu. Alisikia ya binti wa muuza vitambaa, aliyeanza kwa kuchoreshwa picha barabarani, halafu akapelekwa kwa "mwalimu", halafu kwenye semina za dhehebu moja la siri milimani, halafu akabadilisha namba ya simu. Mama yake mpaka leo anakwenda kusimama nje ya jengo moja la ghorofa akiwatazama wanaotoka. Polisi wanamwambia binti ni mtu mzima, amekwenda kwa miguu yake.

Siku zilizofuata Da-on alizidi kuchangamka na kuzidi kuwa mbali. Zikaja karanga za kukaanga, vikaja viazi vitamu vya kukausha vya Gamja, ikaja kadi iliyoandikwa kwa mkono ambayo Da-on aliificha chini ya mto. Kisha likaja neno lenyewe. Jumamosi ijayo kundi dogo la kiwanjani linakwenda milimani na mbwa wao, kwenye nyumba ya wageni yenye uwanja wa nyasi. Watalala huko siku mbili.

"Nani analipa?" Sun-im aliuliza.

"Hakuna. Nyumba ni ya rafiki yake Mama Bori. Kuna dada mmoja atakuja, mwalimu, anasaidia watu wanaorudia mtihani wapate utulivu."

"Na ulikuwa uniambie lini?"

Da-on akatazama sakafu. "Alisema nisiseme kwanza. Kitu kizuri kikisemwa mapema kinaharibika."

Hapo Sun-im akajiuliza: Mtu mwema yupi anayemwambia mtoto wa mwenzake asimwambie mama yake?

Kesho yake jioni alifunga meza mapema, akanawa mikono mara mbili ili asinuke kitunguu saumu, akaenda kiwanjani. Da-on alipomwona anafungua mlango wa pili, uso ulimwanguka. Lakini mwanamke aliyekaa naye kwenye benchi alisimama haraka, akapiga makofi kwa furaha.

"Jamani! Huyu si ndiye Bibi Gamja?"

Wote waliokuwepo wakacheka. Sun-im, aliyekuwa hajafikia hata kuitwa bibi na mtoto wa mtu, sasa amekuwa bibi wa mbwa.

"Bibi wa kiazi!" alisema Mama Mandu, mwanamke mnene mwenye mbwa mnene wa uso uliobonyea. "Karibu, Bibi. Kaa hapa. Usiogope, Mandu haumi, anakoroma tu. Kama mume wangu."

Mama Bori alikuwa na umri wa kati, amevaa koti la rangi ya maziwa, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Alimshika Sun-im mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, pole na goti. Kusimama sokoni kutwa, na baridi hii! Na mzee kule Geoje, anakula vizuri?"

Sun-im alihisi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kabati liko wazi. Goti lake. Mume wake. Soko lake. Yeye alichokijua kwa huyu mwanamke kilikuwa koti na mbwa tu.

"Mwenzangu unanijua sana," alisema. "Mimi sikujui. Unaitwa nani?"

Mama Mandu akakohoa, akajifanya anamfuta Mandu macho. Ilikuwa kama amemuuliza mtu uzito wake mbele ya wakwe. Da-on alifumba macho.

Mama Bori hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu. "Hapa tumeyaacha majina yetu nje ya uzio, mama, pamoja na kamba. Ndiyo raha yake. Ukiniita Mama Bori naitika."

"Na huko nje wanakuitaje?"

"Mama!" Da-on alisema.

Huyo Bori mwenyewe alikuwa pembeni ya uzio, ananusa nguzo peke yake. Sun-im alimtazama. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imekatika, kama karatasi iliyong'atwa na panya. Mbwa hakugeuka hata mara moja kumtafuta mama yake, kama Gamja alivyokuwa akigeuka kila baada ya hatua chache kuhakikisha Da-on bado yupo. Sun-im aliliona hilo lakini hakulijua bado ni nini.

Njiani kurudi nyumbani Da-on alitembea mbele mpaka kwenye lifti. "Nimepata mtu mmoja duniani anayenisikiliza, umekuja kumhoji kama polisi. Jumamosi ninakwenda. Nina miaka kumi na tisa."

Sun-im hakulala vizuri, na asubuhi, Da-on alipokuwa darasani, miguu ilimpeleka tena bustanini. Alijiambia anapita tu. Asubuhi kiwanja kinakuwa na watu wengine kabisa. Wa jioni hawajuani na wa asubuhi. Alisimama nje ya uzio, skafu ameivuta mpaka puani.

Mbwa mdogo wa kahawia alikuwa ndani, ananusa ile ile nguzo. Kwenye benchi alikaa kijana wa kiume mwenye miwani, amevaa nadhifu, na pembeni yake mvulana mmoja aliyekonda, mwenye mbwa mweupe, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kijana mwenye miwani alikuwa amemshikia karatasi. Mvulana alikuwa anachora mti.

Sun-im aliingia mlango wa kwanza, akaufunga, akaingia wa pili. Hakuwa na mbwa na aliona wanamshangaa.

"Mbwa mzuri huyu," alisema, akionyesha yule wa kahawia. Sikio la kushoto lilikuwa limekatika pale pale. "Anaitwa nani?"

"Kong," kijana alijibu, kwa tabasamu lile lile, ulaini ule ule. Kong ni kunde. "Nilimpokea mwenyewe siku anazaliwa."

Sun-im alimtazama tena mbwa. Mbwa mmoja, wazazi wawili, majina mawili, na wote walimpokea siku anazaliwa! Alitaka kumwambia yule mvulana, wewe mtoto, inuka uende kwenu. Lakini alikumbuka darasa la hesabu, zile nyuso zote zilizomgeukia, akatoka. Jambo hilo lilimkera baadaye kuliko yote, kwamba alimwacha mtoto wa mwenzake pale anachora.

Jioni alimwambia Da-on alichokiona. Alijaribu kusema polepole, lakini sauti ilimpanda yenyewe.

"Mama, mbwa wa kahawia wa manyoya ya kujisokota wako wangapi mji huu? Kila ghorofa ya jengo hili wako wawili."

"Sikio, mwanangu. Sikio limekatika!"

"Wanapigana, wanakatika masikio. Umemfuata mpaka asubuhi? Unajisikia? Umemfuata mtu wa watu!" Da-on alianza kulia kwa hasira. "Mwalimu wa hesabu naye ulikuwa na ushahidi. Ulikuwa nao hivyo hivyo."

Mtoto alikuwa amesema kweli. Anayeonya kila siku hasikiki siku ya hatari, na hili ndilo linalopaswa kuwauma wazazi wenye wasiwasi kama wake: anayemwinda mtoto hahitaji kuwashinda nguvu, anangoja wenyewe wamalize maneno yao.

Ijumaa sokoni mwanamke mmoja aliangusha sinia la bati. Lilipiga sakafu ya saruji mpaka watu wakaruka. Mbwa mzee wa muuza samaki, aliyekuwa amelala katikati ya njia, alikurupuka kutoka usingizini na bila kutazama kulia wala kushoto akajitosa chini ya aproni ya muuza samaki. Watu wazima kumi walikuwa karibu yake kuliko muuza samaki. Hakumwona hata mmoja.

Sun-im alibaki ameshika kijiko cha kimchi, mteja anamwita.

"Dada, nipe basi! Au umekufa umesimama?"

"Chukua, chukua," alisema, akampa zaidi ya alichonunua.

Jioni alimwambia Da-on, "Kesho nenda. Sitakuzuia. Lakini leo nataka nije nawe kiwanjani. Sitamuuliza mtu jina. Sitasema neno hata moja."

Da-on akageuka. "Hata moja?"

"Hata moja. Nikifungua mdomo nifukuze."

Kiwanja kilikuwa na watu wengi, maana kesho yake mvua ilitabiriwa. Mama Bori alimkumbatia Da-on, akamwinamia Sun-im kwa heshima. "Bibi Gamja, nimefurahi. Moyo wa mama ukifunguka, njia ya mtoto inafunguka." Sun-im aliinama naye, midomo ameifunga kama mfuko uliofungwa kamba. Mama Mandu alimtania: "Leo Bibi kafungwa mdomo! Nani kakushonea?" Hakujibu. Akajifanya anakwenda kunawa mikono kwenye bomba la mbwa lililo kwenye kona, ambako mabeseni ya bati ya kunyweshea hupangwa yakipandana.

Mbwa wote walikuwa huru. Hakuna kamba hata moja iliyofungwa. Wengine wanafukuzana, wengine wanachimba. Bori alikuwa katikati ya uwanja, peke yake.

Sun-im akauweka mguu wake, ule wa goti zima, kwenye rundo la mabeseni, akalisukuma lote.

Kishindo kilichotoka hapo kiliruka mto kikarudi. Na kabla hakijaisha, uwanja ulikuwa umeshajipanga wenyewe. Mandu, na unene wake wote, alikuwa katikati ya miguu ya mama yake. Yule mweusi wa miguu mifupi alikuwa mapajani pa mzee wake. Gamja alipiga mbio moja iliyonyooka, masikio yamelala, akampanda Da-on mpaka kifuani. Kila mbwa alikuwa na mtu.

Bori alikimbia mpaka benchini, akamtazama Mama Bori, akageuka. Akakimbilia kwa Mama Mandu, akageuka. Alimtazama mtu mmoja mmoja usoni, anazunguka, mkia umepotea kati ya miguu. Mwisho akaenda kujibanza mlangoni, pua kwenye waya, akitazama nje, akitetemeka mwili mzima.

"Bori! Bori, njoo kwa mama!" Mama Bori aliita. Akatoa kipande cha kiazi kitamu mfukoni. "Bori, mtoto mzuri!"

Mbwa hakuzungusha hata sikio.

"Masikini," alisema Mama Mandu. "Mbona hakujui?"

Da-on alimpa Mama Mandu Gamja ashike. Akaenda mlangoni taratibu, akachuchumaa, akamwinua Bori. Mbwa alimkojolea mkono wa koti kwa hofu. Da-on hakumwachia. Alimpapasa kichwa, na Sun-im, kule bombani, aliona vidole vya binti yake vinafika kwenye sikio la kushoto na kusimama pale.

Alirudi naye benchini. "Dada," alisema, "si ulisema ulimpokea siku anazaliwa?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na umekaa naye miaka mitano?"

"Bori ana woga wake. Na unajua, nilimwokota, bado ananizoea." Maneno yalimtoka haraka, ya pili yakiyakanyaga ya kwanza, na alipoyasikia mwenyewe alinyamaza.

Da-on alimpa mbwa. Mikono ya Mama Bori ilimpokea kama mtu anayepokea mzigo wa ofisini, na Bori akageuza uso wake ukamwelekea Da-on.

Mama Bori alifunga kamba. Kisha akainua macho mpaka kule bombani, na kwa mara ya kwanza Sun-im aliuona uso wake bila tabasamu. Ulikuwa uso wa mtu wa kawaida aliyechoka na kazi. "Bibi Gamja, umewatisha watoto," alisema. Akamgeukia Da-on, na ulaini ukarudi kama taa iliyowashwa. "Kesho saa tatu asubuhi gari litakuja. Ndani yako unajua nani anakupenda. Usimruhusu mtu akukaushe tena."

Akatoka kwa mlango wa kwanza, akaufunga, akatoka kwa wa pili. Mbwa ndiye alikuwa anamvuta.

Njiani kurudi, Sun-im alikuwa na maneno mengi na aliyang'ata yote. Kiapo chake kilikuwa cha kiwanjani tu, lakini aliogopa kwamba neno moja tu la ushindi, hata "unaona", lingemsukuma mtoto mpaka kwenye lile gari. Walipanda lifti. Walifika mlangoni kwao. Da-on alinyoosha kidole kwenye kufuli la namba, kikasimama hewani.

"Mama."

"Naam."

"Wiki iliyopita Gamja alipoumwa tumbo nikiwa darasani, nilimpa namba aje amtazame." Aliteremsha kidole. "Nilimpa namba ya mlango."

Ndani ya Sun-im kitu kilipiga kelele kuliko mabeseni yote. Wiki iliyopita. Yeye alikuwa sokoni, na yule mwanamke alikuwa humu ndani peke yake, miguu mitupu kwenye sakafu yake, akitazama picha ukutani, dawa ya goti juu ya friji, barua za Geoje. Alifungua mdomo. Kisha akamwona binti yake anavyomtazama, mabega ameyapandisha masikioni, anangoja kipigo cha maneno.

"Haya," Sun-im alisema. "Unajua kuibadilisha? Mimi hizi mashine siziwezi."

Wakaibadilisha wote wawili wamechuchumaa sakafuni, Da-on akibonyeza, Sun-im akimmulikia kwa simu. Kisha Da-on akaifuta namba ya yule mwanamke kwenye simu yake, akakaa muda mrefu na sweta la machungwa mapajani, asijue la kulifanya. Alilia kidogo. Alisema, "Lakini alinisikiliza, mama. Hiyo haikuwa uongo, alinisikiliza kweli." Sun-im hakumbishia. Alikaa karibu yake. Yeye mwenyewe aliona kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa na mtoto wake bila kumuuliza kitu.

Jumamosi mvua ilinyesha kama ilivyotabiriwa. Da-on hakufunga begi. Alikuwa anakula wali na yai, kichwa juu, Sun-im akimchambulia samaki miiba, waliposikia lifti inasimama kwenye ghorofa yao.

Nyayo zilikuja, za mtu asiye na haraka. Zikasimama mlangoni. Kengele haikulia. Badala yake wakasikia vidole kwenye kufuli: namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kufuli likatoa mlio wa kukataa. Kimya. Vidole vikaanza tena, polepole zaidi, kama mtu anayehakikisha hakukosea. Kufuli likakataa tena.

Gamja alikuwa ameshafika mlangoni. Mbwa aliyembwekea fundi wa maji, mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba akivaa kofia, hakubweka. Alikuwa ameweka pua kwenye upenyo wa chini, anavuta harufu, na mkia wake ulikuwa unapiga viatu vya mlangoni, pa, pa, pa, kwa furaha.

"Gamja," sauti laini iliita kutoka nje. "Gamja, mtoto mzuri, mama yako yuko ndani?"

Da-on aliinuka bila kutoa sauti ya kiti. Alikwenda, akamnyanyua mbwa, akamfunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ameukandamiza kwenye mlango kwa nguvu zake zote. Sun-im akaja akakaa pembeni yake, goti likilalamika, na yeye akaukandamiza.